Mtoto wa Redio

Kama wivu ungekuwa somo, Rudisha angefaulu bila kufungua kitabu. Alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, wa kwanza katika baiolojia, na hakuwa na mpinzani katika kumwangalia mwenzake anavyofunga kamba za viatu vya ngozi. Jina la Rudisha si la kupewa na wazazi. Alipewa na shule nzima, kwa kisa ambacho wenzake walikisimulia huku wakishika mbavu, naye akitazama pembeni.

Kisa chenyewe ni hiki. Vita vya mpakani vilipopamba moto, yeye akiwa msichana wa kidato cha kwanza, redio ilikuwa ikisoma majina ya askari waliokufa kila baada ya taarifa ya habari. Watu walipunguza sauti wakati huo, kana kwamba jina likisomwa polepole halitawahusu. Jioni moja likasomwa jina la babake, lake na la ukoo, na kikosi chake, halikukosewa hata herufi. Mamake akaanguka palepale. Majirani wakajaa, viti vikaazimwa, watu wakalia mpaka sauti zikawakauka. Na shuleni Rudisha akawa mtoto wa redio.

Watoto wa redio ndivyo walivyoitwa wote ambao baba zao walisomwa. Lilikuwa jina la utani, ila lilikuwa na uzito wa cheo. Serikali iliamua kuwatunza, na kusema kweli iliwatunza. Walipewa bweni jipya lenye madirisha ya vioo, magodoro manene, viatu vya ngozi. Karo hawakuijua. Chakula walianza kupakuliwa wao. Walimu waliokuwa wakifoka kama wamekanyagwa kidole walisema nao kwa upole. Rudisha alimlilia babake wiki za mwanzo, alilia kweli, asije mtu akamsingizia. Lakini mtoto ni mtoto, na godoro ni godoro. Kabla muhula haujaisha mashavu yalikuwa yamejaa, anaongoza darasa, na akilala analala fofofo.

Ndipo babake akarudi. Alitokea kwenye geti la shule mchana kweupe, kakonda, sikio la kushoto halisikii, lakini ana miguu yake miwili na mikono yake miwili. Kumbe huko vitani alimfunika rafiki yake aliyekufa kwa koti lake mwenyewe, na kwenye kola ya koti palikuwa pameshonwa jina lake. Makarani wa jeshi waliookota maiti wakasoma koti, hawakusoma uso. Yeye alikuwa hospitalini upande wa pili wa mpaka, hajitambui.

Rudisha alimkimbilia akamrukia shingoni. Furaha ile ilidumu mpaka kesho yake asubuhi, matroni alipokuja bwenini na kusema, kwa huruma lakini mbele ya watu, "Mwanangu, rudisha godoro. Na viatu, rudisha."

Jina likaanzia hapo.

Haikuishia hapo, na hili ndilo lililomkaa kooni miaka yote. Maiti iliyokuwa chini ya koti ilikuwa ya baba wa msichana wa darasa lake, jirani yao wa mtaa wa nyuma, aliyeitwa Bi Mkubwa. Jina hilo lilitoka kwa babake mwenyewe, kwa sababu tangu alipojua kusema alikuwa akiwaamuru watu wazima. Wiki ileile babake Bi Mkubwa akasomwa kwenye redio, naye binti akahamia bweni la vioo, akapewa kitanda kilekile, godoro lilelile na viatu vilevile. Viatu vilimkaa sawasawa. Hilo lilimuuma Rudisha kuliko yote, kwamba hata havikumbana.

Miaka ikapita, wakakaa dawati moja mpaka kidato cha sita. Bi Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuazima kalamu na kusahau nani mwenye kalamu, wa kukwambia sogea bila kuomba, na wa kucheka kwa sauti mahali pa kunyamaza. Watu walimpenda hivyohivyo. Rudisha alimpenda pia, siku nyingine, halafu akamtazama miguuni na roho ikamchoma upya.

Maana babake Rudisha alikuwa fundi viatu. Baada ya vita hakutaka kazi ya kuamrishwa, akafungua kibanda kando ya barabara, na watu wa mtaa wakampachika jina la Marehemu Mstaafu. "Marehemu, soli yangu iko tayari?" walimwuliza, naye akacheka nao, misumari mdomoni. Sasa fundi huyu viatu vya binti yake vilikuwa vimepasuka kisigino, lakini vya Bi Mkubwa havikuwahi kuona tundu. Kila Jumamosi alifunga kibanda, akabeba nyundo, akaenda mtaa wa nyuma kwa mama yake Bi Mkubwa. Akatengeneza mlango, akaziba paa, akakaza miguu ya meza. Akirudi nyumbani hana la kusema, anakaa ameegemea ukuta mpaka aitwe kula.

"Huko kwa watu unachangamka," Rudisha alimwambia siku moja. "Hapa kwetu umekuwa jiwe."

"Huko pia nakaa kimya," babake alisema. "Tofauti ni kwamba huko nina nyundo."

Rudisha hakutaka kuelewa. Mwenye wivu haelewi, si kwa kukosa maelezo, bali kwa kukosa nafasi ya kuyaweka.

Mwaka huo wa mwisho mwalimu wa historia aligawa ubao katikati. Upande mmoja akaandika hasara za vita: vifo, ukimbizi, madaraja yaliyovunjwa, mashamba yaliyotegwa mabomu. Upande wa pili akaandika fursa, akaeleza kwamba hata vita huacha kitu: barabara mpya, kiwanda cha nguo za jeshi, nafasi za masomo kwa watoto wa mashujaa. Wanafunzi wakanakili. Rudisha akanyoosha kidole.

"Mwalimu, aliyekwenda akarudi tunamwandika upande gani?"

Darasa likaangua kicheko, Bi Mkubwa akiongoza. Mwalimu naye akatabasamu, akasema huyo ni bahati, bahati haiandikwi ubaoni. Rudisha akakaa. Lakini swali hakulitoa kwa mzaha. Alikuwa ameitazama hesabu ile akaona kwamba mtu aliyekufa alihesabiwa pande zote mbili, huku kama hasara, kule kama nafasi ya chuo. Babake hakuwa upande wowote. Alirudi na vita nyumbani ndani ya kifua, na hapakuwa na ofisi ya kuvipokea. Akawaza jambo ambalo haikuwa mara ya kwanza kuliwaza, na kila mara lilimfanya ajione mchafu: kwamba muhula mzuri kuliko yote maishani mwake ni ule ambao babake alikuwa amekufa.

Basi kazi ya shetani haina likizo. Siku chache baadaye mkuu wa shule, ambaye alikuwa mgeni na hakujua visa vya zamani, alimwita ofisini akamkaribisha kiti.

"Hongera," alisema. "Ofisi ya watoto wa mashujaa inatoa nafasi moja ya chuo cha udaktari kwa shule yetu. Inakwenda kwa mwenye alama za juu kati yenu. Wewe ndiye wa kwanza, mwenzako wa dawati moja anakufuata. Wageni watakuja kuzungumza na nyote wawili. Njoo na mlezi."

Rudisha akafungua mdomo aseme kuna makosa. Akaufunga. Kumbe huko ofisini hakuna aliyekumbuka kumfufua babake. Shule ilichukua godoro, lakini kwa wakubwa yeye alikuwa yatima miaka yote hii bila kujua.

Udaktari ndio aliokuwa akiuota tangu siku alipoona wauguzi wakilisafisha sikio la babake. Chuo hicho wengine walijilipia, na fundi viatu hajilipii chuo hata akishona viatu vya jiji zima. Nafasi ilikuwa hiyo moja. Akiikosa, ataishia kuuza katika duka la mtu. Na akiikosa, itakwenda kwa Bi Mkubwa, kama godoro, kama viatu. Akatoka ofisini, akapiga moyo konde, akaenda kibandani.

Babake alikuwa amebana kiatu cha mtu katikati ya magoti. Rudisha akazunguka upande wa sikio zima.

"Baba, nahitaji mlezi."

"Mlezi wa nini, na mimi nipo?"

Akamweleza. Hakuzunguka sana, maana aibu ikizungushwa inaongezeka. Babake akatema misumari mkononi mmoja mmoja, akaipanga juu ya ubao.

"Kumbe bado nimekufa," akasema.

"Bado."

"Na huyo mwenzako wa pili ndiye yule wa mtaa wa nyuma?"

"Ndiye. Yeye amepata vyote, Baba. Kila kitu changu amepata yeye. Hiki kimoja tu."

Babake akakitazama kiatu kilichokuwa magotini kama amekisahau ni cha nani. "Haya," alisema mwishowe. "Nitakuja. Nitasema mimi ni baba yako mdogo."

Mamake aliposikia alijipiga kofi mapajani. "Uchuro huo. Mtu mzima na akili zake anajiombea kifo?"

"Si kujiombea," babake alisema. "Kimeshakuja, kinanisubiri tu nisaini."

Mamake akatoka nje.

Siku ya wageni ilipofika, babake Rudisha alikuja na koti la kuazima lililombana makwapa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi nje ya ofisi, maana mamake alikuwa hoi kitandani. Alipomwona akainuka nusu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mkuu wa shule akachungulia. "Rudisha, huyu ndiye mlezi? Baba mdogo? Vizuri, wageni wanamalizia chai, jiandaeni."

Mlango ukafungwa. Bi Mkubwa akamtazama Rudisha, akamtazama mzee, akaelewa yote, maana hakuwa mjinga. Rudisha akasubiri. Neno moja tu la Bi Mkubwa lingetosha kumwaga kila kitu.

"Mimi sisemi," Bi Mkubwa alisema. "Ukitaka kuwa yatima, uyatima wenyewe mtamu sana, karibu. Ila wakikuuliza babako alikufaje, utasema nini?"

"Tumepanga."

"Una heri. Mimi nikiulizwa huwa sina la kusema. Nilipewa cheti. Hakuna aliyeniambia."

Babake Rudisha akageuza upande wa sikio bovu.

Ndani walikuwako wageni wawili: mwenyekiti, mama mwenye miwani na sauti ya pole, na kijana aliyekuwa akiandika. Mkuu wa shule alikaa pembeni, anang'aa utadhani yeye ndiye amefaulu. Mwenyekiti aliwauliza hali ya nyumbani, akauliza kwa nini udaktari, na Rudisha akajibu vizuri mpaka kijana akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha mama yule akavua miwani.

"Hili si mtihani, binti. Huwaomba wote. Tueleze kidogo habari za marehemu baba yako, na alivyokufa, kama mliambiwa."

Rudisha alikuwa ameandaa maneno, mazuri kabisa, ya bendera na ujasiri. Yakagoma kutoka. Kumtaja babake kwa wakati uliopita, babake huyo akipumua kando yake, kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani.

"Nitasema mimi," babake alisema. "Nilikuwa naye."

Rudisha akageuka. Hilo hawakulipanga.

"Tulikuwa kwenye handaki, mvua imenyesha usiku kucha. Alipigwa tumboni. Hakupiga kelele. Aliniomba nimvue buti la kushoto, lilikuwa likimbana tangu siku tulipogawiwa. Akasema hataki kwenda na kitu kinachobana. Nikamvua." Mikono yake ilikuwa ikifungua kamba hewani. "Kisha akasema, mwambieni Bi Mkubwa asinisubiri mlangoni, mbu watammaliza. Vijana wakacheka. Hata pale walicheka. Walidhani ana wake wawili. Mmoja akamuuliza, na bi mdogo tumwambie nini? Naye akacheka pia. Alikufa akiwa bado anacheka. Nikavua koti langu nikamfunika."

Kijana alikuwa ameacha kuandika.

"Na Bi Mkubwa ni nani?" mwenyekiti aliuliza taratibu.

"Ni binti yake. Alimwita hivyo kwa ajili ya amri zake."

Mama yule akamgeukia Rudisha, macho yamemlowa. "Kumbe wewe ndiye Bi Mkubwa."

Hapo palikuwa pa kutikisa kichwa tu. Rudisha aliijua ile nafasi: imeiva, inataka kuchumwa. Miaka yote hiyo alikuwa ametamani kuwa mtu yule, avae viatu vyake, alale kitandani pake, na sasa alikuwa akipewa hata jina. Alimwonea Bi Mkubwa wivu wa kila alichokuwa nacho. Hiki hakujua kama kipo. Bi Mkubwa mwenyewe hakujua kama kipo. Kilikuwa ndani ya kifua cha babake tangu alipotokea getini, kimefungiwa, na leo kimetolewa, na aliyepewa ni yeye, asiye mwenyewe.

"Huyu ni baba yangu," Rudisha alisema.

"Bila shaka," mwenyekiti alisema kwa upole. "Baba mdogo naye ni baba."

Lugha yenyewe ikamfungulia mlango wa kutokea. Amesema kweli, hakuna aliyesikia, na angeweza kuishia hapo bila mtu kumlaumu. Babake alimbana mguu chini ya meza kwa ncha ya kiatu. Nyamaza.

"Ndiye aliyenizaa," Rudisha alisema. "Redio ilikosea. Yule aliyekufa ni baba wa msichana aliye nje. Yeye ndiye Bi Mkubwa. Maneno hayo ni yake."

Mkuu wa shule alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwenyekiti alivaa miwani polepole na kumtazama fundi viatu, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa jikoni. Hakuwafokea. Aliwaambia tu watoke, na kwamba jina litarekebishwa safari hii, akamwambia kijana amwite mwenzake baada ya muda kidogo.

Ukumbini, kabla hawajafika kwenye benchi, babake alimshika Rudisha mkono akamsimamisha. Alinong'ona kwa hasira, na Rudisha hakuwa amewahi kumwona hivyo.

"Umefanya nini? Nilikuwa nakufa vizuri kabisa, ukaniharibia. Ulidhani nina kitu kingine cha kukupa? Nilikuwa na hicho kimoja."

"Hakikuwa chako, Baba."

"Udaktari umekwenda."

"Najua." Machozi yalikuwa yamemjaa, ya uchungu halisi, wa mtu aliyekosa. "Umekwenda kwake. Kama kila kitu. Basi mpe na hicho kilichobaki. Mwambie."

"Siwezi."

"Mbona ndani umeweza?"

"Ndani nilikuwa mtu mwingine," babake alisema. "Nilikuwa ndugu wa marehemu, mtu asiye na lawama, asiyerudi yeye badala ya mwenzake. Mimi nikimwambia yule mtoto, ataniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Nami nitajibu nini? Nitamwambia nilikuwa namfungua kamba za buti?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo."

Kijana alikuwa tayari amefungua mlango wa ofisi, anamwita Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa ameinuka, ananyoosha sketi, hajui kilichotokea ndani na amejiandaa kusema kwamba hana la kusema. Fundi viatu akamwachia binti yake mkono.

"Bi Mkubwa," aliita. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo. "Ngoja kwanza, mwanangu. Kaa."

Bi Mkubwa, mtoto asiyeamrishwa, akakaa. Mzee akakaa kando yake na koti lake la kubana, akageuza sikio zima upande wake ili amsikie akiuliza, akaanza. Kijana wa ofisini alitaka kusema kitu, kisha akarudi ndani na kuurudisha mlango.

Rudisha alibaki amesimama mbali kidogo, hasikii maneno, anaona mikono ya babake ikifungua kamba. Akamwona Bi Mkubwa anacheka, kile kicheko chake cha mahali pa kunyamaza, kisha anainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Babake akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Roho ilimuuma Rudisha, tena vibaya, na hakuna aliyemdanganya kwamba ukisema kweli wivu unapona. Alikuwa amemwachia mwenzake chuo, na sasa alikuwa akiuangalia mkono wa babake mwenyewe ukiwa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Alitamani kwenda kuuondoa. Hakwenda. Wangemaliza muda si mrefu, Bi Mkubwa angeitwa ndani, na yeye Rudisha angerudi nyumbani na babake.